Mbili Mara Tatu: Kumwonyesha Mtoto Uhusiano wa Kuzidisha na Kujumlisha

Kamati nyingi za parokia zinasimamia shule za awali, madarasa ya jioni au vituo vya kuwasaidia watoto wa shule za msingi za jirani. Zinapotembelea madarasa hayo, mara nyingi hupokewa na watoto wanaoimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja. Wageni hupiga makofi, na wafadhili huondoka wakiwa wameridhika. Ni jambo jema mtoto kulijua jedwali kwa kichwa. Hata hivyo, mtoto anaweza kuimba "tatu mara nne, kumi na mbili" bila kukosea, kisha akipewa vizibo vya soda aonyeshe maana ya maneno hayo, anaweka vizibo vitatu huku na vinne kule. Jumla ni saba. Mtoto huyo anao wimbo, lakini kuzidisha bado hajakujua.

Katika makala hii tunaeleza jinsi mtoto mdogo anavyoweza kuvuka kutoka kujumlisha, ambako amekwisha kukuzoea, hadi kuzidisha. Tunaeleza pia mahali ambapo njia hiyo inafikia mwisho wake, na kile ambacho kamati na wafadhili wanaweza kufanya bila gharama kubwa.

NENO "MARA" LIMEBEBA MAANA

Lugha ya Kiswahili imemrahisishia mwalimu kazi. Tunaposema "tatu mara nne", neno "mara" linaeleza tendo lenyewe: tatu ichukuliwe mara nne. Yaani 3 + 3 + 3 + 3 = 12. Ni neno lile lile tunalotumia tunaposema kwamba mgeni amekuja mara nne. Mwalimu akilisisitiza neno hilo, nusu ya somo imekwisha kueleweka.

Mfano mzuri uko katika kila nyumba. Mtu akitoka zahanati na bahasha ya dawa iliyoandikwa 2 × 3, anaelewa kwamba anatakiwa kumeza vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Asubuhi viwili, mchana viwili, jioni viwili: 2 + 2 + 2 = 6. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuihesabu dozi hiyo kwa kupanga maharage mezani.

Bahasha hiyo inafundisha jambo jingine pia. Iwe 2 × 3 au 3 × 2, vidonge vya siku nzima ni 6. Lakini mgonjwa aliyeandikiwa viwili mara tatu, naye akameza vitatu mara mbili, hajafuata maagizo. Jibu ni moja, ila maana ni mbili. Katika kuzidisha, kila namba ina kazi yake: moja inasema kila fungu lina vitu vingapi, nyingine inasema mafungu ni mangapi. Hapa ndipo kuzidisha kunapotofautiana na kujumlisha. Tukijumlisha, tunaweka vidonge pamoja na vidonge. Lakini vidonge 2 na "mara 3" haviwezi kuwekwa pamoja vikawa 5, kwa sababu "mara" si vidonge. Mtoto anayeandika 2 × 3 = 5 hajakosa bidii, bali hajaonyeshwa tofauti hiyo.

Shule zinazofundisha kwa Kiingereza ziwe na tahadhari. Katika lugha hiyo, namba ya kwanza mara nyingi husomwa kuwa idadi ya mafungu, hivyo 3 × 4 hueleweka kuwa 4 + 4 + 4. Mzazi na mwalimu wasibishane mbele ya mtoto. La muhimu ni mtoto mwenyewe aweze kusema mafungu ni mangapi na kila fungu lina ngapi.

HATUA TANO ZA KUMVUSHA MTOTO

Kwanza: mafungu yaliyo sawa. Kabla ya kuandika alama ya ×, mwalimu achore miduara ardhini na kuwaambia watoto waweke kokoto tatu katika kila mduara. Kisha mara nyingine aweke kwa makusudi tatu, tatu na nne, na kuwauliza kama mafungu hayo yako sawa. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakizungumzia kujumlisha, kwani hawakusema kwamba kila haba ililingana na nyingine. Kuzidisha kunadai haba zilizo sawa. Mtoto akilijua hilo, atajua pia ni wakati gani asizidishe.

Pili: kujumlisha kwa kurudia. Mtoto aandike 5 + 5 + 5 + 5 + 5 + 5 + 5 + 5 na kutafuta jibu. Aachwe achoke kidogo. Ndipo mwalimu amwonyeshe kwamba maandishi yote hayo yanaweza kufupishwa kuwa 5 × 8, tano mara nane. Mtoto aliyechoka kuandika hupokea alama mpya kwa furaha, kwa sababu ameona kazi yake.

Tatu: kuhesabu kwa kuruka. Sarafu za shilingi 50 zinafaa sana: 50, 100, 150, 200. Mtoto ahesabu kwa sauti huku akiweka sarafu moja moja, ili kila mruko uambatane na kitu anachokishika. Wimbo wa jedwali ukianzia hapa unakuwa na miguu.

Nne: safu. Trei ya mayai ina safu 5 zenye mayai 6 kila moja. Tukiijumlisha safu kwa safu tunapata 6 + 6 + 6 + 6 + 6 = 30. Sasa mwalimu aigeuze trei hiyo hiyo, ili upande uliokuwa mrefu uwe mfupi. Zinaonekana safu 6 za mayai 5: 5 + 5 + 5 + 5 + 5 + 5 = 30. Hakuna yai lililoongezwa wala lililotolewa. Kwa njia hii mtoto anaona mwenyewe kwa nini 6 × 5 na 5 × 6 zina jibu moja, na mzigo wa jedwali unapungua karibu nusu.

Tano: jedwali lenyewe. Hapa sasa kukariri kuna faida, kwa sababu mtoto anakariri kitu anachokijua. Na akisahau ana njia ya kurudi. Aliyesahau saba mara sita, lakini anakumbuka saba mara tano ni 35, anaongeza saba moja tu na kupata 42. Anayetaka saba mara kumi na mbili anachukua saba mara kumi, yaani 70, na saba mara mbili, yaani 14, jumla 84. Aliyekariri tu, akisahau hana pa kushika.

Hata sifuri inaeleweka kwa njia hii. Watoto wengi huandika 4 × 0 = 4, wakidhani kwamba nne imebaki kama ilivyokuwa. Aulizwe: ukimeza vidonge vinne mara sifuri, umemeza vingapi? Atacheka na kujirekebisha mwenyewe.

SOMO KUTOKA SOKO LA RECIFE

Wapo wanaodhani kwamba kuanzia kujumlisha ni kumchelewesha mtoto. Utafiti mmoja uliofanyika mjini Recife, Brazili, unafaa kufikiriwa na kamati zetu, kwa kuwa hata huku kwetu wapo wanafunzi wanaouza maandazi na karanga baada ya masomo. Watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, katika makala waliyoichapisha mwaka 1985, walieleza jinsi walivyowafuata watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Walinunua bidhaa kwao huku wakiwauliza bei, kisha baadaye wakawapa hesabu zile zile kwa mtindo wa shule. Mitaani watoto hao walipata karibu asilimia 98 ya majibu. Zilipoandikwa kama hesabu tupu za shuleni, walipata asilimia 37 tu.

Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa akiuza nazi, kila moja kwa 35. Mteja alipotaka nazi nne, alifikiri kwamba tatu ni 105, akaongeza 30, akaongeza na tano iliyobaki, akapata 140. Alipopewa baadaye 35 × 4, alisema nne mara tano ni 20, akabeba mbili, akaijumlisha na tatu akapata tano, kisha akazidisha tena kwa nne. Akaandika 200. Sokoni alijua anachokihesabu. Kwenye karatasi alifuata hatua zisizomwambia chochote. Kazi ya mwalimu ni kuziunganisha akili hizo mbili ziwe moja, ili ile ya sokoni iikague ile ya daftarini. Nazi tatu zikiwa 105, nazi nne haziwezi kuwa 200.

MAHALI AMBAPO KUJUMLISHA HAKUTOSHI

Ni vema walimu wetu wasiseme "kuzidisha ni kujumlisha tu". Ikiwa kilo ya sukari inauzwa shilingi 3,000 na mama anataka nusu kilo, tunazidisha 3,000 × ½ na kupata 1,500. Lakini hakuna namna ya kuandika 3,000 katika mstari "nusu mara" na kuijumlisha. Aidha, mtoto aliyefundishwa kwamba kuzidisha huongeza daima atashangaa kuona jibu limekuwa dogo kuliko namba aliyoanza nayo, na huenda akadhani amekosea. Kwa sababu za namna hii, mwaka 2008 mwanahisabati Keith Devlin aliwasihi walimu waache kuwaambia watoto kwamba kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia, na maoni yake yalizua mjadala mrefu kati ya walimu.

Kwa watoto wadogo, ushauri wetu ni wa katikati. Kujumlisha ni mlango wa kuingilia, si nyumba nzima. Mwalimu aseme: "Tukiwa na mafungu yaliyo sawa, tunaweza kupata jibu la kuzidisha kwa kujumlisha." Sentensi hiyo ni ya kweli leo, na itabaki kuwa ya kweli mtoto atakapofika kwenye sehemu na desimali. Trei ya mayai pia itamsaidia baadaye, kwa kuwa safu hizo ndizo zitakazomfundisha eneo la shamba lenye urefu na upana.

KAMATI NA WAFADHILI WAFANYE NINI?

Kamati inapotembelea darasa, isiishie kusikiliza wimbo. Mjumbe mmoja, kwa ruhusa ya mwalimu, aketi na watoto watatu au wanne na kumwuliza kila mmoja maswali haya:

1. Nionyeshe kwa kokoto maana ya 3 × 4.
2. Nieleze habari ya nyumbani au dukani inayohitaji 3 × 4.
3. Kama umesahau 7 × 6, utaipataje?

Mtoto anayejibu swali la kwanza na la tatu hahitaji kuimba ili tuamini kwamba anajua. Lengo si kumtafutia mwalimu makosa, bali kujua msaada uelekezwe wapi.

Kuhusu vifaa, vizibo vya soda, mbegu, kokoto na trei tupu za mayai hupatikana bure. Jumuiya moja ikikusanya vizibo kwa mwezi mmoja, darasa zima litakuwa na vihesabio vya kutosha. Hakuna haja ya kuagiza vifaa vya bei kubwa, wala kuchapisha mabango mengi ya jedwali yanayoishia kufifia ukutani.

Kinachohitaji fedha za wafadhili ni muda wa walimu: nauli na chakula cha mchana kwa siku chache ambazo walimu wa vituo jirani watakutana, waonyeshane masomo na kusahihishana. Msaada huo haupigwi picha kwa urahisi kama bango jipya au dawati jipya. Matunda yake yataonekana siku mtoto wa darasa la tatu atakapoichukua bahasha ya dawa ya bibi yake, aihesabu dozi ya siku tano, na kusema kabla hawajaondoka dirishani kwamba vidonge walivyopewa havitoshi.