Samaki wa maziwa yetu ndani ya kioo: nani akae na nani?

Wapo samaki wa mapambo wanaosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini na Asia ya Mashariki, lakini baadhi ya wenye rangi kali kabisa asili yao ni huku kwetu, katika Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Hao ni ndugu wa perege na sato tunaowala. Wataalamu huwaweka wote katika ukoo mmoja uitwao Cichlidae, nasi katika makala hii tutawaita sikilidi. Yuko mmoja wa Ziwa Viktoria, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu mithili ya kaa la moto. Mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita nyererei hadi leo. Wale wa miamba ya Ziwa Nyasa nao wanajulikana duniani kote kwa jina lao la kienyeji, mbuna.

Kwa kuwa wazazi wengi huona tangi la samaki kuwa zawadi njema ya Idi kwa watoto, tumeona tulizungumzie jambo ambalo muuzaji mwenye haraka hulipita, nalo ni la nani anaweza kuishi na nani.

Aghalabu uteuzi hufanywa kwa macho. Mtoto mmoja ataka wa manjano, mwenzake wa buluu, mama apendezwa na mwenye mistari, na jioni samaki wanane wa asili nane wamo katika tangi la lita 60. Miezi ya mwanzo hupita kwa utulivu kwa sababu wote bado wadogo. Kisha huonekana mapezi yaliyochanika, na samaki mmoja aliyejibanza kwenye kona karibu na uso wa maji, asiyethubutu kushuka kula. Baba hukimbilia dawa, ilhali mara nyingi hapana maradhi yoyote. Samaki yule anateswa na wenzake.

Ni lazima tuelewe kwa nini. Ziwani, kila dume la mbuna hushika kipande chake cha mwamba, huchunga mwani uotao juu yake, na humfukuza kila dume mwenziwe anayekaribia. Aliyeshindwa huhamia jiwe jingine, na ugomvi umekwisha. Ndani ya kioo hakuna jiwe jingine la kuhamia. Mtume (S.A.W.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Samaki tuliyemfungia sisi hali kadhalika hawezi kujitafutia chakula wala pa kukimbilia, na kwa hiyo uteuzi wa majirani zake uko juu yetu.

Tuanze na ziwa. Maji ya Nyasa, Tanganyika na Viktoria hayafanani. Ya Tanganyika ndiyo yenye madini na ukali wa magadi zaidi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9, na ya Nyasa hucheza karibu na 8. Wapo wanaochanganya na samaki wakaishi, lakini tabia nazo hutofautiana. Tanganyika kuna samaki wadogo mno, Neolamprologus multifasciatus, wasiozidi sana urefu wa kidole, ambao hukaa ukoo mzima katika makombe matupu ya konokono na kuzaa humo humo. Ukiwatia pamoja na mbuna, hawatapata siku moja ya amani. Rai yetu ni kwamba anayeanza achague ziwa moja na abaki nalo.

Jambo la pili ni chakula, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea bila mtu kujua chanzo. Mbuna walio wengi ni walaji wa mwani, na utumbo wao ni mrefu kama wa wanyama wala majani. Ukiwalisha kila siku minyoo au vyakula vyenye mafuta na protini nyingi ya wanyama, huweza kuvimba tumbo, wakaacha kula na kufa. Sasa mtu akiwachanganya na samaki wala samaki, atawalisha nini? Akimshibisha mmoja humdhuru mwingine. Tena mla samaki hangoji kulishwa. Katika Ziwa Nyasa yupo aitwaye kaligono, mwenye mabaka kama ya mzoga uliooza. Hulala ubavu juu ya mchanga akijifanya amekufa, na visamaki vikija kudonoa huamka akavimeza. Watoto watafurahi kusikia kisa chake, lakini mahali pake si tangi la samaki wadogo.

Lililo gumu kuliko yote ni tabia, maana haionekani dukani. Melanochromis auratus akiwa mchanga ni mzuri ajabu, wa dhahabu mwenye mistari myeusi. Akikua, dume hubadilika kuwa jeusi na kugeuka jabari wa tangi zima. Maylandia lombardoi naye huuzwa akiwa wa buluu, na madume hugeuka manjano yanapokomaa. Ni mkali vilevile. Kwa tangi la familia, hawa wawili tungewaacha dukani, hata bei ikiwa ya kutupa.

Basi nani achukuliwe? Kwa tangi lenye urefu wa sentimita 120 na lita zipatazo 240, mchanganyiko tunaoupendelea ni huu: Labidochromis caeruleus sita, wa manjano, wapole kwa kadiri ya mbuna, Iodotropheus sprengerae sita, wa zambarau iliyochujuka, nao watulivu, na Chindongo demasoni 12, wadogo wenye mistari ya buluu, ambao asili yao ni upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Hao wa mwisho wasinunuliwe watatu au wanne, kwani wakiwa wachache huandamana na mnyonge wao mpaka wamuue. Wakiwa wengi, ukali hutawanyika. Kwa wengine, kila dume moja liwe na majike matatu au zaidi. Na mtazame kwamba aina hizo tatu hazifanani rangi, kwani dume humwandama zaidi anayeshabihiana naye, na jamaa wa karibu huzaana wakatoa vizazi visivyo na asili inayojulikana.

Wingi huo wa samaki hudai kichujio chenye nguvu na kubadilisha kiasi cha robo ya maji kila wiki. Tangi jipya huhitaji wiki kadhaa za kukomaa kabla ya kujazwa samaki, ili vijidudu vinavyosafisha uchafu wao vizaliwe kwenye kichujio. Mawe yarundikwe mpaka karibu na juu, yakiwa na mapango mengi, na yakae imara juu ya sakafu ya tangi, yasije yakaporomoka samaki wanapochimba mchanga.

Mkimwona jike aliyefumba kinywa, kidevu kimevimba na hali chakula, msimdhanie mgonjwa. Amebeba mayai yake kinywani, na atakaa hivyo kwa muda wa wiki tatu hivi. Na likizuka jabari licha ya tahadhari zote, msimwondoe anayeonewa, kwa sababu jabari atamtafuta mwingine. Mwondoeni yeye, mumweke kwenye chombo chake kwa siku chache, na wakati huo mpange mawe upya. Atakaporudi atakuta ngome yake haipo na wenziwe wamekwisha gawana mapango.