Ada Iliyookolewa na Taarifa Iliyotolewa

Benki inapopokea ombi la mkopo nchini Kenya, hutaka kwanza ripoti kutoka kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo, yaani kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu, kama vile Metropol na TransUnion, ambazo umma huziita CRB. Ripoti hiyo huonyesha mikopo iliyolipwa kwa wakati na iliyochelewa, hata ile midogo ya simu. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halimfanyi mtu aorodheshwe kuwa mdaiwa sugu, mkopeshaji hulazimika kumpa notisi ya siku 30 kabla ya kuwasilisha taarifa mbaya, na kila mtu anastahili ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Haki hii ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa deni lililokwisha kulipwa lakini bado linasomeka kuwa halijalipwa haliwezi kusahihishwa na mtu asiyejua kwamba limo.

Ada ya kutoa pesa kwenye simu nayo inafungamana na taarifa ambazo wakopeshaji huzitazama. Hupangwa kwa viwango, hivyo anayekwenda kwa wakala mara tatu kuchukua kidogokidogo hutozwa mara tatu, ilhali jumla ileile ikitolewa kwa mkupuo mara nyingi hugharimu pungufu. Nafuu kuliko zote ni kutoitoa kabisa: mnunuzi wa unga anayelipa kwa nambari ya till ya M-Pesa hatozwi kitu, kwani ada, ikiwapo, humwangukia mwenye duka.

Hata hivyo, noti haisemi imenunua nini, ilhali malipo ya simu huandikwa saa, kiasi na mpokeaji, na historia hiyo ndiyo ambayo wakopeshaji wa kidijitali huipima kwa programu ya kompyuta ili kukadiria kama mtu anakopesheka. Ada iliyookolewa, basi, hulipwa kwa taarifa, na malipo hayo ni ya haki iwapo tu mwenye taarifa ameelezwa zitatumiwaje, kama inavyodai Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kanuni za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali nazo zilipiga marufuku tabia ya kufedhehesha ya kuchukua nambari zilizo katika simu ya mdaiwa ili kuwatumia jamaa zake ujumbe. Sheria hiyo ya 2019 inampa pia mtu aliyeathiriwa na uamuzi uliofanywa na programu peke yake haki ya kuomba ufikiriwe upya. Ombi la namna hiyo ni heri liandikwe, na nakala yake ihifadhiwe.