Jembe Lisiwe Adhabu

Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita nchini Tanzania ana miaka miwili tu ya kukamilisha tahasusi yake, yaani mchanganyiko wa masomo kama PCB, HGL au EGM, kabla ya mtihani wa taifa utakaoamua kama ataingia chuo kikuu na atasoma nini. Vipindi hujaa mchana, jioni kuna masomo ya ziada, na mwisho wa wiki kuna mitihani ya majaribio. Ratiba ikibana, michezo, sanaa na kazi za kijamii ndizo zinazokatwa kwanza. Naona kuzikata ni kosa la kitaaluma, lakini kuzirudisha vilevile zilivyokuwa hakutatufikisha mbali. Shughuli hizi humjenga kijana pale anaposhiriki kuzipanga, zinapomfaa mtu mwenye shida ya kweli, na anapopewa nafasi ya kutafakari alichofanya. Zikikosa hayo, hubaki jasho lisilo na somo.

Mmoja wa mipango inayojulikana sana duniani katika eneo hili ni wa Diploma ya International Baccalaureate, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Ndani ya diploma hiyo kuna sehemu iitwayo CAS, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma. Huendelea kwa miezi isiyopungua 18 na haina alama, ila asiyeikamilisha hapati diploma hata kama amefaulu masomo yote. Zamani ilipimwa kwa saa 150. Hesabu hiyo iliachwa, kwa sababu anayehesabu saa hushughulika zaidi na kujaza fomu. Sasa mwanafunzi huonyesha ushahidi kwamba amebuni na kupanga shughuli, amefanya kazi na wenzake na ametafakari matokeo, na lazima ashiriki angalau mradi mmoja wa mwezi mzima au zaidi. Fikra hizi zinatokana kwa sehemu kubwa na Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyekamatwa na utawala wa Hitler mwaka 1933, akahamia Uingereza na kufungua shule ya Gordonstoun huko Uskoti mwaka uliofuata. Katika Atlantic College, chuo kilichofunguliwa Wales mwaka 1962 kwa kufuata mawazo yake, wanafunzi walikabidhiwa kazi ya uokoaji baharini. Kazi hiyo haikuwa maigizo, maana uzembe ungegharimu maisha ya watu.

Wazo hili si geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Wengi tunakumbuka shamba na kusahau sharti aliloliambatanisha nalo, kwamba wanafunzi washiriki kuamua. Alitoa hata mfano: wao wenyewe wapime kama fedha walizozalisha zikodi trekta, au zitumike kwa mahitaji mengine ya shule nao walime kwa mikono. Uamuzi huo una hesabu, una uchumi, na una majadiliano ya watu wazima. Katika shule nyingi sharti hilo lilipotea, shamba likawa kazi ya amri. Baya zaidi, jembe na fyekeo vikawa vifaa vya kumwadhibu aliyechelewa namba. Kijana aliyefundishwa miaka sita kwamba kufyeka nyasi na kusafisha vyoo ni malipo ya makosa, atawezaje kuuona usafi wa mtaa wake kuwa heshima?

Ushahidi wa utafiti unaelekea upande huohuo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, ilhali makadirio ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Kuhusu hofu ya kushuka kwa ufaulu, mapitio ya tafiti 50 yaliyotolewa Marekani mwaka 2010 yalikuta kwamba karibu nusu ya vipimo vilionyesha mazoezi yakienda pamoja na mafanikio ya masomo, vilivyobaki karibu vyote havikuonyesha tofauti, na vilivyoonyesha hasara vilikuwa vichache mno. Kuhusu huduma kwa jamii, uchambuzi wa tafiti 62 wa mwaka 2011 uliona faida katika mtazamo wa wanafunzi juu ya shule, stadi za kijamii na masomo. Faida hizo zilikuwa kubwa zaidi pale huduma ilipofungamana na mtaala, wanafunzi waliposikilizwa, jamii iliposhirikishwa na tafakuri ilipopewa nafasi. Tafiti nyingi za aina hii ni za Marekani, kwa hiyo hatuwezi kuzihamisha bila kupima. Hata hivyo, masharti zinayoyataja yanalingana mno na lile sharti la mwaka 1967.

Tuchukue mfano mdogo. Wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wanaamua kutengeneza vibuyu chirizi kwenye vyoo vya shule ya msingi jirani: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyotundikwa. Kazi ya mikono huisha asubuhi moja. Elimu huanza wiki mbili baadaye, wanaporudi na kukuta madumu makavu na sabuni hazipo. Hapo itabidi waulize nani huchota maji, kutoka wapi, na kama kuna aliyeulizwa kabla ya wao kufika na madumu yao. Wakiishia kukaa na walimu na watoto wale kupanga zamu ya maji, watakuwa wameelewa kwa nini maarifa ya vimelea peke yake hayazuii kuhara. Kurasa mbili za daftari zinazoeleza walikosea wapi zina thamani zaidi kuliko picha za siku ya uzinduzi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya shule za ada kubwa. Ni kweli kwamba bwawa la kuogelea na safari za nje vinahitaji fedha, lakini kukimbia, kwaya, ngonjera, tamthilia na kumsomea hadithi mtoto wa darasa la pili havihitaji. Wengine watasema michezo tunayo tayari kupitia UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mashindano hayo yana faida, ila timu ya shule huchukua wachezaji wachache na wengine hubaki mashabiki. Wengine watasema vijana watajifunza uzalendo wakienda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) baada ya kidato cha sita. JKT hufunza ukakamavu na utii, navyo vina mahali pake. Kupanga jambo bila kuamriwa ni stadi nyingine, na huhitaji mazoezi ya muda mrefu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba huduma ikilazimishwa inapoteza maana. Nakubali hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kulazimisha ushiriki huku shule ikimwachia mwanafunzi kuchagua atamhudumia nani na kwa njia gani. Hisabati nayo ni lazima, na bado wapo wanaoipenda.

Mkuu wa shule anaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri waraka. Atenge alasiri mbili kwa wiki zisizoguswa na masomo ya ziada, ampe kila mwanafunzi mwalimu mlezi wa kujadiliana naye, na kila kundi liandike mpango kabla ya kazi na tafakuri baada yake. Sambamba na hayo apige marufuku kutumia jembe, fyekeo na ufagio kama adhabu. Hatua hiyo ya mwisho haigharimu hata shilingi, na bila hiyo hizo nyingine hazitashika, kwa kuwa hakuna kijana atakayejitolea kwa moyo kufanya kile alichofundishwa kukionea aibu.