Una farasi dume? Usilipe zizi kabla hujakagua mambo haya

KAMA unadhani kusaka keja Nairobi ni kazi, jaribu kumsakia farasi dume pa kulala.

Unapigia simu zizi la kulipia kule Karen au Limuru. Unaambiwa nafasi ipo, malisho yapo, saisi yupo, karibu mwezi ukianza. Halafu linakuja swali la mwisho: ni jike ama amehasiwa? Ukijibu kwamba ni dume kamili, nafasi inajaa papo hapo.

Usikasirike. Wenye mazizi wana sababu zao. Ukizielewa utajua zizi la kukubali, la kukimbia, na siku ya kubadilisha mpango mzima. Hili linakuhusu hata kama farasi wako ni wa hustle ya picha za harusi au ya kubeba watoto wikendi. Wengi hupiga hesabu ya bei ya kumnunua tu, ilhali mambo magumu huanza usiku wa kwanza anapohitaji mahali pa kulala.

Kwa nini dume hukataliwa

Mazizi mengi ya kulipia yamejaa majike na madume waliohasiwa. Hao hulishwa pamoja na kulala jirani bila drama nyingi. Ukimleta dume kamili, hesabu inabadilika.

Farasi jike hupata joto takriban kila baada ya siku 21, na joto lenyewe hudumu siku tano hadi saba hivi. Ulaya majike wengi hupumzika msimu wa baridi siku zinapokuwa fupi. Sisi tuko ikweta, mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, kwa hivyo jike anaweza kuwa na joto mwezi wowote. Kwenye zizi lenye majike kumi, ni nadra kupita wiki bila mmoja wao kuwa tayari.

Dume wako atamnusa akiwa mbali. Utamwona akiinua kichwa na kukunja mdomo wa juu, kana kwamba anacheka. Baada ya hapo hupiga kelele, hutembea kandokando ya ua bila kutulia na hata husahau chakula. Huyo ni mnyama wa kilo 400 hadi 500, anayeuma, anayepiga teke nyuma na anayeweza kurusha miguu ya mbele. Anayebaki katikati akiwa ameshika kamba ni saisi, aliye na familia inayomsubiri jioni.

Usijidanganye pia kwamba wako bado ni mtoto. Baadhi ya madume huweza kutia mimba wakiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu.

Simu ya kwanza: sema ukweli

Kuna watu huficha. Husema farasi ni mpole, kisha wakishafika na lori ndipo mwenye zizi anagundua. Usifanye hivyo. Ukiharibu jina kwa zizi moja, umeliharibu kwa mengi, maana ulimwengu wa farasi hapa Kenya ni mdogo na mafundi wa kwato ni walewale.

Sema umri wake, kimo chake, kama amewahi kupanda jike, na kama ana tabia ya kuuma. Kisha uliza wewe: Je, mmewahi kuweka dume hapa? Yuko mmoja sasa hivi? Nani humshika, na asipokuwepo nani huchukua nafasi yake?

Ukijibiwa "tutaona akifika", shukuru na ukate simu. Unatafuta watu waliokwisha kuona kabla farasi wako hajafika.

Kagua ua kwa mkono wako

Picha za Instagram zitakuonyesha geti na maua. Wewe nenda ground, ukatikise ua.

Ua wa dume unapaswa kuwa wa mita 1.5 hadi 1.8 kwenda juu, imara, unaoonekana vizuri. Mbao nzito zenye waya wa stima kwa juu hufanya kazi nzuri. Seng'enge ya miiba ni hapana. Farasi akishtuka haangalii, hupita nayo, na ngozi ya miguu yake ni nyembamba. Uliza pia stima ikipotea kuna mpango gani, kwa sababu dume hujifunza haraka siku ambayo waya haumchomi.

Angalia nafasi kati ya uwanja wake na wa majike. Ua mmoja tu katikati yao hautoshi. Pawe na njia, au uwanja mwingine wa farasi waliohasiwa, ili pua zisikutane.

Chumba cha farasi wa kawaida huwa takriban mita 3.6 kwa 3.6. Dume afadhali apate mita 4.2 kwa 4.2, kwa sababu huzungukazunguka zaidi. Sakafu iwe na maranda ya kutosha au nyasi kavu, na isinuke mkojo. Mlango uwe na komeo mbili, moja ya chini. Wapo farasi wanaofungua komeo la juu kwa midomo.

Usimfunge jela

Hapa ndipo mazizi mengi hukosea, na ndipo wewe mwenye mali unapaswa kuwa mkali. Zizi linakubali dume, kisha linamweka chumba cha mwisho kabisa, kuta nne, saa 23 kwa siku, kwa sababu ni salama. Salama kwa nani?

Farasi ni mnyama wa kundi, dume akiwemo. Nenda Nairobi National Park utazame punda milia, binamu zake. Madume wasio na majike hawaishi wapweke. Hutembea pamoja katika vikundi vya makapera, wakicheza na kusukumana. Farasi wanaoishi porini hufanya vivyo hivyo. Dume aliyefungiwa peke yake mwaka mzima huanza kuyumba kichwa kushoto kulia, kutafuna mbao, au kujiuma ubavuni. Halafu watu husema ana wazimu.

Nchini Uswisi, kituo cha taifa cha farasi kilichoko Avenches kilijaribu njia tofauti. Watafiti waliwaweka pamoja madume wa kuzalisha kwenye uwanja mpana wa malisho, mbali na majike. Vurugu za mwanzo zilipungua baada ya siku chache. Walijaribu pia vyumba ambavyo ukuta wa katikati una vyuma vilivyoachana, ili madume wawili majirani waweze kuingiza vichwa na shingo na kugusana. Walipata kwamba majeraha makubwa yalikuwa machache.

Huna haja ya kudai vyumba vya Uswisi. Lakini unaweza kudai mambo matatu. Atoke nje kila siku, si wikendi tu. Awaone farasi wengine akiwa chumbani. Na ikiwezekana, awe na jirani mtulivu aliyehasiwa wa kunusana naye. Zizi lisiloweza hata haya si la dume, hata kama bei ni poa.

Saisi ndiye zizi

Tenga saa nzima ukae tu, utazame saisi akifanya kazi. Anaingia chumbani akizungumza na farasi au anaingia na fimbo? Dume anapotolewa, njia imeachwa wazi au watoto wa kujifunza kupanda wako palepale? Anatumia lijamu na kamba ndefu, au kamba fupi aliyoizungushia mkononi? Kamba iliyozungushwa mkononi imevunja vidole vingi.

Katika mazizi ya farasi wa mbio, kama yale ya Ngong Racecourse, madume vijana ni jambo la kila siku, na masaisi waliokulia huko hujua kumsoma dume kabla hajalipuka. Ukipata zizi lenye saisi wa aina hiyo, hapo umepata kitu. Muulize analipwa kwa wakati, na kama ana siku ya kupumzika. Saisi aliyechoka na mwenye njaa hawezi kumshika dume wako vizuri.

Jioni ni wakati wa hatari

Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huua farasi wengi mno wanaouambukizwa. Huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, ambao hutoka sana kuanzia magharibi hadi alfajiri. Punda milia huubeba bila hata kuonekana wagonjwa. Sasa fikiria jinsi maeneo kama Karen, Lang'ata na Naivasha yalivyo karibu na punda milia.

Kwa hivyo uliza: Farasi huingizwa ndani saa ngapi? Madirisha yana wavu? Maji yaliyotuama yako wapi? Chanjo ipo, na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI huitengeneza hapa nchini. Zizi makini litakuitisha rekodi ya chanjo kabla ya kupokea farasi wako. Lisipokuitisha, jua halikuwaitisha wengine pia.

Angalia na stoo ya chakula. Farasi wa kilo 450 hula takriban kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku na kunywa lita 25 hadi 50 za maji. Pasua robota moja unuse. Likitoa vumbi na harufu ya kuvu, rudi nyumbani.

Mkataba, hata kama ni rafiki

Makubaliano ya WhatsApp yaliyojaa emoji hayatakusaidia. Andikeni.

Mkataba useme ada inajumuisha nini: chakula, maranda, kusafisha, kutembezwa. Useme nani humwita fundi wa kwato, ambaye huhitajika kila wiki sita hadi nane. Useme nani anaruhusiwa kumwita daktari wa mifugo usiku ikiwa simu yako imezimwa, na hadi kiasi gani cha pesa. Farasi hawezi kutapika, kwa hivyo tumbo likimsokota, kungoja hadi asubuhi kunaweza kumuua.

Na useme wazi itakuwaje dume wako akiruka ua na kumpanda jike wa mtu. Mimba ya farasi ni takriban miezi 11. Ni muda mrefu wa kugombana na jirani.

Siku ya kumhamisha, pitia ofisi ya mifugo upate kibali cha kumsafirisha, ili msikwame barabarani.

Na ukikosa kabisa?

Umezunguka mazizi manane. Matano yamekataa, mawili yana seng'enge, la nane litamfunga jela. Sasa jiulize swali ambalo wengi hulikwepa: unahitaji dume kweli?

Kama humzalishi kwa mpango, na hana damu ambayo wafugaji wanaitafuta, mwite daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board mzungumze kuhusu kumhasi. Ni upasuaji wa kawaida, hufanywa kwa dawa ya ganzi, na farasi apewe chanjo ya pepopunda. Baada yake bado anahitaji kutengwa na majike kwa mwezi mmoja au zaidi, maana mbegu zilizobaki zinaweza kutia mimba. Aliyezoea kupanda majike huenda akabaki na baadhi ya tabia, lakini wengi hutulia.

Usimpeleke kwa mtu wa kisu na kamba wa mtaani. Mbali na damu na maumivu, kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na shirika la KSPCA hufuatilia visa vya farasi na punda.

Vijana wengine huona kumhasi ni kama kumpokonya farasi heshima. Heshima gani anayo akiwa kwenye kuta nne, anayumba kichwa, anaogopwa na kila anayemletea chakula? Farasi aliyehasiwa hutoka asubuhi na wenzake, hula majani juani, hubeba mtoto wa mtu bila mzazi kushika moyo. Na ukipiga simu zizi la kwanza ulilokataliwa, ukijibu lile swali la mwisho, utaambiwa nafasi bado ipo.

Kama ni lazima abaki dume, basi lipia zizi lenye ua wa kweli, saisi wa kweli na jirani wa kunusana naye. Na ukiona huwezi kulipia hayo mwaka mzima, usimnunue kwanza.