Hesabu za Kuingia Hazipimi Elimu

Swali ambalo wataalamu wa tathmini ya mafunzo ya mtandaoni huulizwa kuliko mengine yote, na ambalo limekwisha kuwachosha, ni lile la wakuu wa vyuo na maofisa wa miradi wanaotaka kujua ni mfumo upi utakaowapa takwimu nzuri zaidi za matumizi: wanafunzi wangapi wameingia, wamekaa dakika ngapi, wangapi wamefika mwisho wa kozi. Huulizwa kwa nia njema, na mara nyingi huulizwa wakati ripoti ya mfadhili imebakiza wiki moja, lakini jibu lake, hata likiwa kamili, halimwelezi mtu yeyote kama kuna mwanafunzi aliyejifunza kitu. Siku hizi swali hilo limepata mdogo wake: je, vihisi vya darasani vikiunganishwa na jukwaa la Intaneti ya Vitu, yaani programu inayokusanya vipimo kutoka kwenye vifaa vilivyotawanyika na kuvionyesha mahali pamoja, haviwezi kulimaliza kabisa tatizo la tathmini? Haviwezi, na sababu ni ileile.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi takwimu hizo zinavyozaliwa. Moodle, mfumo wa kusimamia mafunzo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na ambao vyuo vingi huupenda kwa kuwa hauna ada ya leseni, humruhusu mwalimu kuamuru kwamba somo lihesabiwe limekamilika pale tu mwanafunzi anapolifungua. Anayefungua faili lenye kurasa 40 na kulifunga papo hapo hupata alama ileile ya vema anayopata aliyekesha akilisoma. Muda nao haupimwi moja kwa moja: mfumo huandika saa ya kila mbofyo, kisha mchambuzi huchukua tofauti kati ya mbofyo mmoja na unaofuata na kuiita muda wa kusoma, ingawa katikati yake mwanafunzi huenda alikuwa jikoni, au umeme ulikatika, au usingizi ulimchukua. Wachambuzi hujaribu kuiponya kasoro hiyo kwa kulitupa kila pengo linalozidi dakika fulani, na kila mmoja hujichagulia dakika zake. Watafiti waliochunguza makadirio ya aina hiyo wameonyesha kwamba uchaguzi huo peke yake unatosha kubadili matokeo ya uchambuzi mzima.

Kosa hilo hupunja pia, kama linavyozidisha. Mahali ambapo wanafunzi hununua bando kwa fedha zao wenyewe, ni jambo la kawaida mmoja wao kupakua maelezo ya muhula mzima na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp, wenzake wakayasoma kwenye simu kwa wiki kadhaa bila kuugusa mfumo. Kwa mujibu wa dashibodi, yaani ule ukurasa wa grafu za rangi anaofunguliwa mkuu wa idara, wote hao ni wavivu isipokuwa yule aliyepakua.

Watetezi wa takwimu za matumizi huwa na hoja moja wanayoiona kuwa ya mwisho: kwamba wanaoingia mara nyingi katika mfumo ndio wanaofaulu mitihani. Uhusiano huo mara nyingi upo, lakini hauthibitishi kinachodaiwa, kwa sababu mwanafunzi mwenye bidii, mwenye kompyuta yake mwenyewe na mwenye intaneti ya uhakika nyumbani angefaulu hata kama angepewa kitabu cha karatasi, na sifa hizohizo ndizo zinazomfanya aonekane sana mtandaoni. Mwenye duka anayehesabu waliochungulia mlangoni na kuziita hesabu hizo mauzo angechekwa na jirani zake, ilhali chuo kinachofanya jambo hilohilo hualikwa kuwasilisha mada kwenye kongamano.

Ushahidi unaoiumiza zaidi imani hii ulipatikana mwaka 2006, nje ya mifumo ya mtandaoni, katika majaribio ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani. Kundi moja la wanafunzi lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu kifupi cha habari, na jingine likapewa kipindi kimoja cha kusoma na vitatu vya kukikumbuka na kukiandika bila kukitazama. Wa kundi la kwanza walikisoma kifungu hicho kwa wastani wa mara 14 hivi, na wa kundi la pili mara tatu na kitu. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nyingi waliongoza, wakikumbuka takribani asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wao wakabaki na asilimia 40 na wenzao wakawa na 61. Zaidi ya hayo, walipoulizwa mapema, waliosoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi kwamba wangekumbuka. Majaribio hayo yangefanyika ndani ya mfumo wa kisasa wa mafunzo, dashibodi ingelitia rangi ya kijani kundi lililofungua ukurasa mara 14, rangi nyekundu ingeangukia kundi lililojifunza zaidi, na hojaji ya kuridhika iliyojazwa siku hiyohiyo ingeunga mkono dashibodi.

Hojaji hiyo nayo inastahili neno. Donald Kirkpatrick, ambaye mwaka 1959 alianza kuchapisha mfano wa tathmini wenye ngazi nne ambao hadi leo hutajwa katika karibu kila andiko la mradi, aliweka maoni ya washiriki katika ngazi ya kwanza, kisha yakafuata kujifunza kwenyewe, mabadiliko ya utendaji kazini, na matokeo kwa taasisi. Wanaomtaja ni wengi, na wengi wao husimama kwenye ngazi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi: fomu hutumwa, nyota tano hubofywa, na wastani wa 4.3 huandikwa kwenye muhtasari. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mihadhara mizuri na waliolazimishwa kuyafumbua maswali wenyewe darasani. Waliofumbua walipata alama za juu zaidi katika mtihani, ila walisema wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Kujifunza kwa kweli huchosha, na uchovu huo huonekana kwenye hojaji kama kasoro ya mwalimu.

Kama kuna anayehitaji mfano wa taifa zima, Peru ilikwisha kuutoa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, iliyohusisha shule 319 za msingi za vijijini katika mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta ndogo, iliona kwamba kompyuta ziliongezeka kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi na kwamba matumizi yalipanda sana, shuleni na nyumbani, lakini haikuona athari yoyote katika alama za hisabati na lugha. Mtu angedhani mjadala kuhusu takwimu za matumizi ungekufa mwaka huo.

Badala ya kufa, umevaa vihisi. Wauzaji wa majukwaa ya Intaneti ya Vitu sasa huahidi kupima usikivu wa wanafunzi kwa kamera, kwa viti vinavyohisi mkao, kwa saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Mwaka 2019 shule moja ya msingi katika jimbo la Zhejiang, China, iliwavalisha watoto mikanda ya kichwani iliyodaiwa kusoma mawimbi ya ubongo na kuwaka rangi tofauti kulingana na umakini, na baada ya malalamiko ya umma matumizi yake yakasimamishwa. Tuliache suala la haki za watoto, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zina mengi ya kusema hapo. Kwa tathmini peke yake, mkanda huo ni hesabu ya kuingia iliyohamishiwa kichwani. Mtoto aliyetulia na kukodoa macho anaweza kuwa anawaza mpira. Vihisi vya joto na vya hewa darasani vina kazi yake halali, ambayo ni kumweleza mkuu wa shule kwamba chumba kina joto kupita kiasi au hakipitishi hewa, na mwenye kuvinunua kwa kazi hiyo hapaswi kubezwa.

Jinsi dashibodi inavyoweza kuwa mbali na ujuzi huonekana vizuri katika kozi za mtandaoni zinazofundisha majukwaa hayohayo. Karibu kila kozi ya namna hiyo hufika kwenye MQTT, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambamo kihisi hutuma kipimo kwenye seva ya katikati na programu zilizojiandikisha kwa mada hiyo hukipokea. Ujumbe huweza kutumwa kwa moja ya ngazi tatu za uhakika: ya 0 hutuma bila kusubiri uthibitisho, ya 1 hurudia hadi uthibitisho upatikane hata kama ujumbe utafika mara mbili, na ya 2 huhakikisha umefika mara moja tu. Jaribio la kuchagua jibu huuliza ngazi hizo ni ngapi, mwanafunzi hubofya tatu, na mfumo humwandikia kwamba amekamilisha kwa asilimia 100.

Mwanafunzi huyohuyo na apewe kihisi cha joto, kompyuta yenye seva ya MQTT iitwayo Mosquitto na programu ya kupokea vipimo, kisha programu ya kupokea ikatwe mtandao kwa dakika 5 huku kihisi kikiendelea kutuma, naye atakiwe kusema, kabla ya kuirudisha, kama vipimo vya dakika zile vitaonekana. Asiyeelewa atajibu ndiyo au hapana. Aliyeelewa atauliza kwanza ni ngazi ipi iliyotumiwa na mtumaji na ni ipi iliyoombwa na mpokeaji, na kama mpokeaji hurudi kwa utambulisho uleule na aliiomba seva imtunzie kikao chake, maana bila hayo hakuna uhakika kwamba seva itamwekea ujumbe uliotumwa akiwa hayupo. Siku mwanafunzi huyo atakapofunga kihisi kwenye jokofu la chanjo la zahanati ambayo mtandao wake hukatika kila alasiri, tofauti kati ya majibu hayo mawili itakuwa tofauti kati ya chanjo iliyo salama na chanjo ambayo hakuna anayejua ilipata joto kiasi gani. Hakuna idadi ya kuingia inayoweza kuibashiri.

Kazi ya kupima vizuri haina siri, na Afrika Mashariki imekwisha kuishuhudia. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga na kuhusisha watoto wapatao 3,000 waliopewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, watoto walipimwa kusoma, kuandika na kuhesabu kabla ya kuanza, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja. Miezi 15 baadaye walipimwa tena, na mwaka 2019 timu za onebillion na Kitkit School ziligawana tuzo ya dola milioni 10 kwa kile watoto walichoweza kufanya, wala hazikutuzwa kwa saa ambazo skrini zilibaki zimewaka. Kisumu nako, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha vishikwambi kwa wasimamizi wa elimu, vishikwambi kwa walimu na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi, wakaona kwamba matokeo ya njia hizo katika usomaji hayakutofautiana sana ilhali gharama zilitofautiana mno, na kwamba kuwapa wasimamizi ndiko kulikoleta faida kubwa zaidi kwa kila shilingi. Dashibodi isingeliona jambo hilo, kwa kuwa wasimamizi ni wachache na wangeonekana kama mradi mdogo usio na watumiaji.

Kwa taasisi inayotaka kufanya kazi hii bila fedha za shindano, njia zipo na ni za kawaida. Wanafunzi wapimwe kabla ya kozi, wapimwe mwishoni, kisha wapimwe tena wiki 4 hadi 6 baadaye bila taarifa ndefu. Swali moja angalau liwe kazi ya mikono au tatizo ambalo halikufundishwa kama lilivyo. Kama haiwezekani kupata kundi linganishi, yaani watu wasiopata mafunzo hayo, basi matawi nusu yaanze muhula huu na nusu muhula ujao, yapangwe kwa kura, na hao wanaosubiri wawe kipimo. Walioacha njiani wahesabiwe katika idadi ya jumla na kupigiwa simu, kwani ufaulu wa asilimia 90 wa waliobaki hauna maana ikiwa theluthi mbili waliondoka. Gharama zigawanywe kwa maendeleo yaliyopatikana, wala si kwa akaunti zilizofunguliwa. Kumbukumbu za mfumo zitunzwe kwa kazi moja zinayoiweza, nayo ni kuonyesha ni wapi watu hukwama, ni video ipi huachwa katikati na ni zoezi lipi hurudiwa mara kumi. Mfumo wenyewe uwe Moodle au mwingine wowote ambao fundi wa chuo anaumudu.

Taasisi ambayo haikuwapima wanafunzi wake kabla ya mafunzo kuanza haina tathmini ya kuandika mwishoni, hata ikiwa na dashibodi ya bei gani. Iseme hivyo kwa mfadhili, na ianze upya na kundi lijalo.