Kukarabati Jiko kwa Gharama Nafuu: Kazi za Kujifanyia na Kazi za Kumwachia Fundi

Kaya nyingi hutamani jiko safi na lenye mpangilio mzuri, lakini hukwama kwenye gharama za ufundi. Mlaji anaweza kupunguza gharama hizo kwa kufanya sehemu ya kazi mwenyewe. Makala hii inaeleza kazi zipi ni salama kujifanyia, zipi zinahitaji fundi mwenye leseni, na namna ya kununua vifaa ili fedha iliyookolewa kwenye ufundi isipotelee dukani. Kanuni kuu ni hii: kazi ambayo ikiharibika hurekebishwa kwa msasa na brashi, ifanye mwenyewe, kazi ambayo ikiharibika huleta moto, usiiguse.

Pima kabla ya kununua

Sakafu yenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.5 ina ukubwa wa mita za mraba 7.5. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 hufunika mita za mraba 0.16, hivyo utahitaji vigae 47. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa au kuvunjika. Jumla itakuwa 52. Hakikisha maboksi yote yana namba moja ya toleo, kwa kuwa rangi ya vigae vya matoleo tofauti huweza kutofautiana hata kama jina ni lilelile. Vigae vitakavyobaki vihifadhi kwa matengenezo ya baadaye.

Makabati ya zamani

Kabati ambalo mbao zake bado ni nzima halihitaji kubadilishwa. Fungua milango, osha mafuta ya kupikia kwa maji ya moto na sabuni, iache ikauke, kisha ipige msasa na kufuta vumbi. Paka praima, halafu rangi mara mbili kwa tabaka jembamba, ukiacha kila tabaka likauke. Rangi nyingi za jikoni hubanduka kwa sababu zilipakwa juu ya mafuta. Bawaba na vishikio vipya hubadili sura ya kabati kwa fedha kidogo. Lakini mbao zilizoliwa na mchwa au kuvimba kwa maji haziokolewi na rangi. Ziba kwanza bomba linalovuja, kisha badilisha mbao hizo.

Jihadhari na rangi yenye madini ya risasi

Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na athari hiyo haiponi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiasi chake katika rangi kisizidi sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja. Nunua rangi yenye alama ya ubora ya TBS na lebo inayomtaja mtengenezaji. Kama rangi ya zamani hujui ilitengenezwa na nani, usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Umeme na gesi

Plagi ya kawaida ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, hubeba takriban wati 3,000. Jiko la umeme la wati 2,000 na birika la wati 2,000 vikichomekwa pamoja kwenye waya mmoja wa kuongezea soketi huuzidishia mzigo, na waya huo huanza kupata joto na hatimaye kuungua. Dawa yake ni soketi ya ziada yenye waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Muombe akuonyeshe leseni kabla ya kuanza.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, hivyo usijenge kabati lililozibwa kuzunguka mtungi. Acha matundu karibu na sakafu. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe mara moja.

Risiti na makubaliano

Dai risiti ya EFD kwa kila ununuzi. Maandishi ya “mali ikiuzwa hairudishwi” hayaondoi haki yako ya kupewa bidhaa inayofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Unapomwajiri fundi, andikeni kazi, bei na muda, na mlipe kwa awamu kadiri kazi inavyokamilika. Ikiwa umepanga, pata kwanza ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikieleza nani atagharamia nini.

Ukipata tatizo

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, bidhaa na picha. Asipotatua, malalamiko ya ubora yapelekwe TBS. Ya vipimo pungufu, Wakala wa Vipimo. Ya bidhaa bandia, Tume ya Ushindani. Na ya huduma za umeme au gesi, EWURA. Mlaji asiye na risiti hupata shida kuthibitisha dai lake, kwa hiyo ihifadhi hata baada ya jiko kukamilika.