Kutu Inayomsaidia Daktari Kuona Ini



Kila mkulima anaijua kutu. Ukiacha jembe kwenye mvua, linageuka jekundu. Hiyo kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na wataalamu wanaiita oksidi ya chuma. Iko nyingine nyeusi, ambayo huvutwa na sumaku. Kumbe jamaa hii ya kutu imeingia hata hospitalini! Mgonjwa akisikia ati anadungwa chuma kwenye mshipa, anashtuka, na pengine anakataa picha ambayo watu wamemchangia. Ndiyo sababu tumeona tueleze.

MRI ni nini? Si eksirei. Ni sumaku kubwa yenye nguvu, inayotumia mawimbi ya redio. Mwili wetu una maji mengi. Mashine inayatumia mawimbi hayo, nayo haidrojeni iliyo ndani ya maji inajibu. Kutokana na majibu hayo kompyuta inachora picha.

Shida ni kwamba uvimbe na nyama nzima mara nyingine hufanana. Hapo ndipo chuma kinasaidia. Chembe zake ni ndogo mno: ukipanga 10,000 za upana wa nanomita 100, zinafika milimita 1 tu. Ini lina seli za ulinzi ambazo hufagia takataka katika damu. Seli hizo zinazimeza chembe za chuma, na hapo ini zima linaonekana jeusi. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hauna seli hizo, kwa hivyo unabaki mweupe kama taa usiku. Baadaye mwili unakitumia chuma hicho kutengeneza damu.

Dawa ya namna hii ya ini ilikubaliwa Marekani mwaka 1996, lakini watengenezaji waliiacha mwaka 2008. Siku hizi hospitali nyingi hutumia gadolini. Lakini mwaka 2006 iligunduliwa kwamba baadhi ya dawa za gadolini zinaweza kukakamaza ngozi ya mtu ambaye figo zake zimeharibika sana. Kwa wagonjwa kama hao, madaktari wengine wamerudia chuma, wakitumia ferumoksitoli, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2009 kwa kuongeza damu.

Hata hiyo ina hatari. Mwaka 2015 Marekani ilitoa onyo kali, kwa sababu watu wachache walipata mzio mkali na wengine wakafa. Ni lazima iingizwe polepole, dakika 15 au zaidi, na mgonjwa aangaliwe dakika 30 baadaye.

Kwa hivyo, kabla ya sindano, mwambieni daktari:

1. Kama mgonjwa ana shida ya figo.
2. Kama amewahi kudhurika na dawa yoyote.
3. Kama ana mimba.
4. Kama ana chuma mwilini, hata kipande cha risasi. Ile sumaku haina mchezo.
5. Kama alidungwa chuma miezi 3 iliyopita, maana kinaweza kubadilisha picha.

Wala mtu asikwangue kutu ya jembe akanywa. Haifanyi kazi hii, na inaweza kumdhuru.

Mgonjwa akiwa dhaifu, mtumeni mwenzake aende naye akaulize: "Ni dawa gani hii, na ni ya nini?" Kikundi kikichanga pesa, kichange na maswali pia.